Kilo Arobaini na Tano

Kocha Bai alimpima Xiaohe kimo mara tatu asubuhi ile, kama muuza vitambaa anayetafuta pa kupunja. Lakini mtoto hakupungua. Mara ya tatu kocha alifunga utepe wake, akamgeukia mama mtu, na namna alivyomtazama ungedhani Shuqin alikuwa akimvuta binti yake miguu kila usiku kwa makusudi.

"Sentimita mia moja sitini na mbili," alisema. "Mlikuwa mnamlisha nini huko nyumbani?"

"Hatumlishi kitu, Kocha," Shuqin alijibu haraka. "Wewe mwenyewe unajua. Hatumlishi kitu."

Alilisema hilo kwa kujitetea, tena kwa sauti ya juu, mbele ya wasichana kumi na wawili waliokuwa wakijinyoosha kwenye magodoro. Aibu ya maneno yale ilimjia baadaye, na ilipokuja ilikaa.

Xiaohe alisimama ukutani, pekupeku, mikono nyuma. Alikuwa na miaka kumi na minne, na tisa kati ya hiyo ameipitisha katika ukumbi ule wa jimnastiki wa Shenyang. Mwaka uliopita alishika nafasi ya tatu katika mkoa mzima wa Liaoning kwenye vyuma viwili, kile cha juu na kile cha chini. Tangu majira ya baridi, kila alipobembea, vidole vya miguu vilikuwa vikikwaruza godoro.

"Mtoto hana kosa," alisema Kocha Bai, safari hii kwa upole kidogo. "Ila vyuma havirefuki, dada. Kitanda chake nakihitaji Jumatatu, kuna mwingine anakuja."

Wakapita stoo kurudisha trakisuti ya timu. Xiaohe alikuwa ameifua usiku na kuikunja vizuri. Mtunza stoo aliikunjua yote, akavuta zipu juu na chini, akageuza mikono ndani nje, akanusa kola.

"Hapa kwenye kiwiko pamechunika."

"Miaka miwili ameanguka nayo," alisema Shuqin. "Ulitaka achunike nani, mimi?"

"Mimi sisemi. Naandika tu: imechunika."

Basi mtoto aliyekuwa wa tatu mkoani alitoka langoni amevaa koti la mama yake la kantini, linalonuka vitunguu, mikono ikimfika kwenye ncha za vidole. Mvua nyembamba ya Aprili ilikuwa ikinyesha. Wakashika njia ya kituo cha treni.

&nbsp;

Nyumba yao ilikuwa Benxi, ghorofa ya tano, vyumba viwili. Ilikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyewahi kuzitangaza. Kabati la jikoni lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Shuqin. Jumamosi, kabla mtoto hajafika kutoka shule ya michezo, mume na mke walikula upesi upesi wamesimama, wakaosha sufuria, wakafungua madirisha yote ili harufu itoke, hata iwe Januari. Baba mtu, Tong Deshan, alikuwa mchochea makaa kwenye tanuri linalopasha joto mtaa mzima. Alizoea kulalamika kwamba anawapasha moto watu elfu nne, kisha anarudi kwake kuganda kama samaki wa sokoni.

Katika nyumba ile neno njaa halikutamkwa. Hakuna aliyelipiga marufuku. Xiaohe alipokuwa na miaka sita alilisema mara moja, mama yake akalia, na mtoto akajifunza.

Kilichomuuma Shuqin zaidi kilikuwa kingine. Kwao kaskazini, anayeondoka kwenda safari hapikiwi chochote isipokuwa jiaozi, vile vifurushi vya unga vilivyofungwa nyama na kabichi, na anayerudi hupikiwa tambi. Hata mwenye nyumba maskini hufanya hivyo. Na Shuqin alikuwa mfunga jiaozi kwa kazi, katika kantini ya kiwanda cha chuma. Alifunga elfu moja na ushee kwa siku, vidole vikienda vyenyewe huku mdomo ukisengenya. Lakini kila Jumapili, kwa miaka tisa, binti yake wa pekee aliondoka nyumbani na nusu ya tufaha na ute wa yai moja, kwa sababu Jumatatu asubuhi kulikuwa na mizani.

Siku ile ya mvua walipofika, Deshan alikuwa ameshavunja kufuli kwa nyundo. Aliweka sahani katikati ya meza, mvuke ukipanda.

"Haya, umestaafu, mama mkubwa," alimtania. "Wastaafu wanakula."

Xiaohe aliitazama sahani kama mtu anayetazama mzigo wa abiria mwingine.

"Nimeshiba, Baba."

"Umeshiba nini? Mvua?"

"Nimeshiba."

Wiki ile walizunguka shule. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu alimpa karatasi ya hesabu, akayatazama majibu, kisha akasema angemweka na watoto wa miaka kumi na mmoja. Alisema kwa adabu, na kwa hiyo ikauma zaidi. Jioni Xiaohe alikaa kwenye kizingiti cha jiko akimwangalia baba yake akisugua masizi kwenye kucha.

"Baba, mimi najua kujipindua mara mbili na nusu hewani na kushuka kwa miguu," alisema. "Sasa hiyo nitaipeleka wapi?"

Deshan aliendelea kusugua. Kucha zilikuwa zimeshatakata.

&nbsp;

Siku ya tisa alikuja mwanamke asiyefahamika na mtu, mnene wa mabega, anayepanda ngazi kwa mguu mmoja na kuuburuta wa pili. Alipofika ghorofa ya tano alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja.

"Mnakaa juu kama njiwa! Naitwa Luan. Nafundisha kuruka theluji, timu ya mkoa. Bai amenipigia simu. Kuna harufu ya jiaozi hapa, au pua yangu inanidanganya?"

Shuqin alimpa sahani kwa heshima ya mgeni, akitegemea atakula mbili za kutimiza adabu. Kocha Luan alikula kumi na nane. Alikula mbele ya Xiaohe, bila kujificha, akichovya kwenye siki, akilamba kidole. Mtoto alimkodolea macho. Hakuwahi kumwona kocha akitafuna.

"Mimi nilikuwa kama wewe," Luan alimwambia. "Jimnastiki miaka minane. Nikarefuka, nikafukuzwa, nikalia. Halafu kuna mzee mmoja akanivalisha skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Sisi wengi kwenye mchezo huu tumetoka hukohuko kwenu. Kuteleza kunafundishika. Kujua uko wapi ukiwa kichwa chini, hilo halifundishiki kirahisi."

"Wanaruka juu kiasi gani?" Xiaohe aliuliza.

"Ghorofa hii tuliyokaa."

Shuqin akaweka chini kijiko. "Kocha, wewe mwenyewe huo mguu..."

"Goti. Nilitua vibaya mwaka wangu wa sita. Sikufichi, dada. Ndiyo maana siku hizi tunaanza na bwawa. Msimu mzima wa joto wanaruka na skii zao wanaangukia majini. Asiyeweza maji hafiki kwenye theluji." Luan alifuta mdomo. "Lakini kuna jambo moja. Una kilo ngapi, mwanangu?"

Xiaohe aliinuka wima, mikono nyuma, kama aliyeitwa na afande. "Thelathini na tisa na nusu. Jana asubuhi. Kabla ya maji."

"Hapo ndipo penye kazi. Timu haimpandishi mlimani mtoto wa kimo chako chini ya kilo arobaini na tano. Upepo utamchezea, na mifupa haitahimili kutua. Mizani ni tarehe ishirini Novemba, saa nne asubuhi. Basi linaondoka siku hiyo hiyo saa nane. Ukiwa na arobaini na tano unapanda. Ukiwa huna, orodha inafungwa, na mwakani watatafuta wadogo zaidi yako." Alimgeukia Shuqin. "Kwa hiyo dada, kazi yangu ni kumfundisha kuruka. Yako ni kumlisha."

Deshan aliangua kicheko. "Mke wangu analisha kiwanda kizima! Hilo mbona rahisi!"

Shuqin hakucheka. Alitazama sahani tupu ya mgeni. Miaka tisa alikuwa ameambiwa mama mwema ni yule anayefunga kabati.

"Unataka?" alimuuliza binti yake.

"Nataka."

"Utaogopa?"

"Nitaogopa," alisema Xiaohe. "Lakini nataka."

&nbsp;

Bwawa lilikuwa nje ya mji, na juu yake kilima cha chuma kilichofunikwa nyasi za plastiki zinazomwagiwa maji. Watoto walishuka, wakarushwa angani, wakajikunja na kujikunjua, kisha wakapiga maji kishindo. Kutoka benchi la wazazi Shuqin alifumba macho mara zote. Alijua zamu ya mwanawe kwa sauti ya Luan tu: "Tong! Mikono! Vizuri, Tong!"

Kila Jumapili alibeba bati la chakula lililofungwa taulo. Kantini nzima ilikuwa imejiingiza katika jambo hilo. Shangazi Geng, anayekanda unga pembeni yake, alikuwa akimwongezea mafuta kwenye nyama na ushauri usioombwa.

"Tia kamba. Kamba wananenepesha."

"Kamba hawanenepeshi, Shangazi."

"Mbona mimi nimenenepa?"

Bati lilirudi tupu kila wiki. Shuqin alifurahi kama mtoto. Lakini mizani ya kocha haikuwa na furaha: arobaini mwezi wa sita, arobaini na nusu mwezi wa saba. Mwezi wa nane joto lilikuwa kali, na Shuqin alikwenda bwenini kuchukua nguo za kufua. Alipoinua kiatu cha skii cha zamani chini ya kitanda, kilikuwa kizito. Ndani yake kulikuwa na jiaozi zaidi ya thelathini, zimeota ukungu, zimepangwa safu safu kwa unadhifu wa mtoto aliyelelewa kambini.

Alimkuta Xiaohe uani akianika soksi.

"Hii ni nini?"

Mtoto akabadilika rangi. "Mama, nilitaka kuzitupa, ila umezifunga wewe."

"Nakuuliza ni nini! Naamka saa kumi alfajiri! Shangazi Geng wa watu ananikatia nyama ya sehemu yake! Unataka urudi ukakae darasani na watoto wa miaka kumi na mmoja? Ndicho unachotaka?"

"Haziingii!" Xiaohe alipaza sauti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Nikiweka mdomoni naona kama nafanya kosa. Naona kama naiba. Usiku naota Kocha Bai amesimama mlangoni na mizani. Mama, mimi sijui kula. Najua mengine yote. Hilo silijui."

Shuqin alikuwa na maneno mengi ya ukali yaliyokwisha jipanga. Aliyaacha. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, kiatu mapajani, akalia mbele ya wasichana waliokuwa wakipita na mataulo yao.

"Si wewe usiyejua," alisema. "Ni mimi niliyekufundisha. Niliweka kufuli mimi. Mwanangu, nilikuwa nalala najisifu kwamba naweza."

Xiaohe alichuchumaa, akamfuta mama yake uso kwa soksi mbichi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo mkononi.

Kuanzia hapo Luan alimkalisha Xiaohe mezani kwake mwenyewe, mara nne kwa siku, vijiko vichache vichache. Shuqin aliacha kuuliza amekula ngapi. Oktoba ilipoisha mtoto alipimwa kwenye mizani ya magunia ya unga pale kantini, Shangazi Geng akishika sindano isicheze. Arobaini na tano na gramu mia sita. Wapishi wote walipiga makofi kwa vijiti vya kusukumia chapati za jiaozi. Deshan alinunua chupa ndogo ya pombe ya mtama, akainywa na kwenda kulala akiimba.

&nbsp;

Tarehe ishirini Novemba Shuqin alikuwa kwenye korido ya ofisi ya timu tangu saa tatu. Safari hii hakuna wa kumzuia: alikuwa amefunga jiaozi arobaini za safari, za kwanza katika maisha ya mtoto huyu, ziliwe kabla basi halijaondoka. Bati lilimpasha mapaja.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Alisikia majina yakiitwa, na sauti ya Mkuu wa Timu, Bwana Qu, mtu asiyependa maneno.

"Tong Xiaohe."

Alisikia mtu akipanda kwenye mizani.

"Arobaini na nne na mia tatu. Anayefuata."

Shuqin alidhani hakusikia vizuri. Kisha akamsikia Luan: "Haiwezekani. Pima tena."

"Nimepima. Anayefuata."

Alisukuma mlango bila kubisha. Xiaohe alikuwa amesimama juu ya mizani, amevaa fulana na chupi tu katika baridi ile, nywele amezikata mpaka masikioni kwa mkasi. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka. Alikuwa akitetemeka.

Luan alimshika kidevu taratibu. "Mwanangu, niambie. Toka jana umekula nini?"

"Sijala, Kocha."

"Maji?"

"Nilisukutua, nikatema."

"Asubuhi umefanya nini?"

"Nilikimbia ngazi nimevaa makoti mawili. Ili nitoke jasho." Alimtazama kila mmoja mle chumbani, kisha uso wake ukaanza kuvunjika polepole, kama mtu aliyepanda treni kwa haraka na sasa anasoma bango la kituo. "Nilisikia ni siku ya mizani. Nilifanya... nilifanya kama kawaida."

Luan alifumba macho. "Na mimi nilifanya hivyo hivyo," alisema, si kwa mtu yeyote hasa. "Mwaka wangu wa kwanza. Vilevile."

"Mimi sipimi hadithi," alisema Bwana Qu. "Sheria ni arobaini na tano. Nikimpandisha huyu, kesho kila mzazi atakuja na yake. Na akivunjika mlimani, nani atajibu? Wewe na goti lako?"

Shuqin aliweka bati juu ya meza yake, juu ya orodha kabisa.

"Mkuu, mtoto huyu juzijuzi alikuwa na arobaini na tano na mia sita. Nimempima mimi. Kilo imetoka kwa jasho na kiu, na aliyemfundisha kuitoa si yeye. Ni mimi na watu kama wewe, tukishirikiana, miaka tisa. Simwombei huruma. Nauliza tu: mizani hii inaondoka lini?"

"Vipi?"

"Mizani. Inaondolewa saa ngapi hapa?"

Bwana Qu alimtazama mwanamke huyu mfupi wa kantini, mwenye unga kwenye nyusi. Kisha akavuta orodha yake chini ya bati, iliyokwisha pata duara la mafuta.

"Basi linaondoka saa nane," alisema. "Ofisi naifunga saa saba na nusu. Mkitaka kukaa kwenye korido, korido si yangu."

Walikaa kwenye benchi. Xiaohe alivaa koti la mama yake, lile la vitunguu. Luan alileta birika la maji ya uvuguvugu, akamwonyesha anywe kwa kunyonya, kidogo kidogo, kisha akajiondokea. Shuqin alifungua bati. Mtoto alichukua jiaozi moja kwa vijiti, akaifikisha mdomoni, mkono ukagoma pale pale.

"Mama, siwezi. Unaniangalia."

Ni kweli alikuwa akimwangalia. Ghafla Shuqin aligundua kwamba hakumbuki hata siku moja alipotafuna kitu mbele ya binti huyu. Daima alikuwa amesimama, anaosha sufuria, anafungua dirisha. Alitwaa jiaozi kwa vidole, akaitumbukiza yote mdomoni, akaitafuna mdomo umejaa.

"Haina chumvi ya kutosha," alisema. "Shangazi Geng anadanganya watu. Onja."

Xiaohe akaonja. "Ina chumvi."

"Haina. Onja nyingine."

Saa sita na nusu Deshan alitokea mwisho wa korido, ameruhusiwa kutoka zamuni, uso mweusi kwa makaa isipokuwa macho. Alisimuliwa yote kwa sentensi mbili. Hakulaumu mtu. Alikaa upande wa pili wa mtoto, akatandaza kitambaa kwenye magoti, akala moja kwa mkono wa masizi, na kuacha alama ya kidole gumba kwenye ya pili, ambayo Xiaohe aliichukua na kuila na alama yake.

"Unakula makaa," baba yake alimwambia.

"Ni mazito," alisema Xiaohe. "Yatasaidia."

Hapo ndipo walipocheka, wote watatu, na kicheko kikafanya mtu apaliwe na maji. Walikuwa wakila pamoja. Kwa familia nyingine hilo ni jambo la kila siku, hata halina jina.

Saa saba na dakika ishirini na tano Bwana Qu alitoka na funguo mkononi. Aliwakuta wamesimama mlangoni. Akarudi ndani, akawasha mizani. Xiaohe alivua koti, akapanda. Namba zilichezacheza, zikaenda arobaini na nne, zikarudi, zikatulia.

Arobaini na tano na gramu mia moja.

Bwana Qu aliandika. Aliandika polepole kwa sababu kalamu ilikuwa inakwama kwenye duara la mafuta.

"Mwambie mama yako," alimwambia Xiaohe bila kuinua kichwa, "siku nyingine aandike barua kama watu wengine."

&nbsp;

Mwisho wa Januari wazazi waliruhusiwa kwenda mlimani kutazama. Shuqin na Deshan walikaa muda wa saa kumi na moja kwenye treni kuelekea kaskazini, kisha lori la timu likawapandisha. Theluji ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Shuqin alikuwa amekumbatia chupa kubwa ya joto, na alipoulizwa ina nini alijibu, "Vya kwake."

Luan aliwapeleka kando ya wavu, chini ya mteremko.

"Hewani ni malkia," aliwaambia. "Tatizo ni kutua. Anatua kama jimnasti. Miguu pamoja, anaganda, mikono juu kumsalimia jaji. Kwenye godoro ni sawa. Kwenye mteremko ukiganda, mlima unaendelea bila wewe. Wiki tatu sasa namwambia, mwachie mlima."

Kule juu, kitu kidogo chekundu kiliinua mkono. Safari hii Shuqin aliamua hatafumba macho. Binti yake alishuka, akapanda kilima, akaruka mpaka juu ya misonobari, akajipindua mara moja, kwa utulivu, kama mtu anayegeuka kitandani. Akatua. Miguu pamoja. Mikono juu. Akabiringika hadi chini, skii moja ikienda zake.

Shuqin alishika mkono wa mumewe. Kule chini Xiaohe aliinuka, akakung'uta theluji, akaifuata skii yake, akapanda tena.

Mara ya pili ikawa vilevile. Deshan alinong'ona, "Turudi naye, Mama Xiaohe. Atafunga jiaozi na wewe. Kuna ubaya gani?"

"Nyamaza uangalie."

Mara ya tatu alikaa juu muda mrefu kidogo kabla ya kushuka. Aliruka. Alijipindua. Theluji ilipompokea, mikono ilianza kupanda yenyewe, wakaiona, mpaka usawa wa kifua. Pale ikasita. Kisha ikashuka, magoti yakalegea, kifua kikaenda mbele, na badala ya kuganda akaachia. Mlima ukamchukua. Aliteleza mteremko mzima, akavuka uwanja wa chini, hajui bado namna ya kusimama, akaja moja kwa moja hadi kwenye wavu na kunasa hapo mbele ya wazazi wake, kama samaki.

Luan alikuwa akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno. Deshan alilia waziwazi, na machozi yakaanza kuganda kwenye masharubu.

Xiaohe alivua kofia ngumu. Uso ulikuwa umejaa, mashavu mekundu, nywele zimeota tena mpaka shingoni. Alihema mara mbili tatu.

"Mama," alisema, "nina njaa."

Alilisema wazi, mbele za watu, kama neno lolote. Shuqin akapiga magoti kwenye theluji, akafungua chupa ya joto, na mvuke wa tambi ukapanda kati yao, kwa kuwa ndizo apikiwazo aliyerudi.